Mwendo wa saa mbili angani, kungoja mwezi mzima

KATI ya uwanja wa ndege wa St Helena na ule wa Ascension, visiwa viwili vya Uingereza vilivyo katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, kuna maili 703 za baharini, sawa na kilomita 1,300 hivi. Umbali huo unazidi kidogo ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Kigali. Ndege ya jeti ya ukubwa wa kati huumaliza kwa muda wa saa mbili. Abiria akishakunywa chai na vikombe kukusanywa, rubani anaanza kuteremka.

Hiyo ni hesabu ya ramani. Hesabu ya mfukoni ni nyingine kabisa. Ndege za abiria zilipoanza kuunganisha visiwa hivyo, Novemba 2017, ratiba ilikuwa ya safari moja tu kwa mwezi. Aliyekosa nafasi hakungoja ndege ya jioni wala ya kesho yake, alingoja mwezi mwingine uandame. Mtu anayefanya kazi Ascension na kupata habari kwamba mama yake ni mgonjwa St Helena alikuwa mbali naye kwa saa mbili, na wakati huohuo alikuwa mbali naye kwa wiki tatu au nne.

Kwa watu wa uchumi, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Serikali nyingi zenye visiwa hupima maendeleo ya usafiri kwa kuuliza ni saa ngapi zimepunguzwa. St Helena inaonyesha kwamba saa zinaweza kupunguzwa sana, tena kwa fedha nyingi, na mkulima, mvuvi na mtu mwenye nyumba ya wageni wakabaki karibu pale pale walipokuwa.

St Helena ina ukubwa wa kilomita za mraba 122 na wakazi wapatao 4,400. Pwani ya Afrika iliyo karibu nayo, upande wa Angola na Namibia, iko umbali wa kilomita 1,950 hivi. Ascension ni ndogo zaidi, kilomita za mraba 88, ina watu kama 800, na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kuishi pale daima. Watu wanakaa kwa mkataba wa kazi katika kambi za kijeshi za Uingereza na Marekani, katika mitambo ya mawasiliano na katika huduma zinazozitegemea. Mkataba ukiisha, mtu anafunga virago. Sehemu kubwa ya wafanyakazi hao ni wenyeji wa St Helena, na fedha wanazotuma nyumbani zimekuwa kwa miaka mingi nguzo ya kaya nyingi za kisiwa hicho.

Umbali huo zamani ulikuwa bidhaa. Uingereza ilimpeleka Napoleon St Helena mwaka 1815, akafia huko mwaka 1821. Baada yake alipelekwa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, kisha maelfu ya wafungwa wa vita wa Makaburu. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana sababu yao ya kukikumbuka kisiwa hicho: Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili tatu hadi mizinga ya Waingereza ilipolia tarehe 27 Agosti 1896, alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916 na kuhamishiwa St Helena na Shelisheli kabla ya kuruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Mahali palipochaguliwa kuwa gereza kwa sababu hapafikiki hapawezi kugeuzwa soko kwa kumwaga saruji peke yake.

Kabla ya uwanja kujengwa, kisiwa kilitegemea meli moja, RMS St Helena, iliyokuwa ikibeba abiria na shehena pamoja. Kutoka Cape Town ilikuwa safari ya siku tano. Kwenda Ascension ilikuwa siku mbili, na pale Ascension msafiri aliweza kupanda ndege ya jeshi la anga la Uingereza iliyokuwa ikipita kati ya Uingereza na visiwa vya Falkland, akafika Ulaya kwa saa tisa hivi. Ilikuwa safari ya kuchosha, lakini mnyororo wake ulikuwa kamili: meli, kisha ndege, kisha nyumbani.

Novemba 2011 serikali ya Uingereza, kupitia idara yake ya misaada ya kimataifa iliyoitwa DFID, ilikubali kugharamia uwanja. Kazi ikapewa kampuni ya Basil Read ya Afrika Kusini. Gharama ilikadiriwa kufikia pauni milioni 285. Ukizigawanya kwa wakazi wote, watoto wachanga wakiwemo, kila mmoja anaangukiwa na zaidi ya pauni 60,000. Mahali tambarare palikuwa pamoja tu, uwanda wa Prosperous Bay ulio juu ya majabali ya mashariki, na hata huo haukutosha. Bonde zima lilifukiwa kwa karibu mita za ujazo milioni 8 za mawe na udongo ili ipatikane njia ya kurukia yenye urefu wa mita 1,950.

Hoja ya kutumia fedha hizo ilikuwa kwamba kisiwa kinaishi kwa ruzuku. Kila mwaka mlipakodi wa Uingereza hutoa makumi ya mamilioni ya pauni ili hospitali, shule na ofisi za St Helena ziendelee. Wapangaji waliona watalii wangeongezeka hadi kufikia karibu 30,000 kwa mwaka katika miongo iliyofuata, kodi ingepatikana, na ruzuku ingepungua hadi kwisha. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri.

Aprili 2016 ndege ya kwanza kubwa, Boeing 737-800, ilipelekwa kufanya majaribio, na marubani wakakutana na jambo ambalo wavuvi wa kisiwa hicho wangeweza kuwaeleza. Upepo wa kusi hupiga ukuta wa majabali, ukapanda juu, kisha ukageuka ghafla mwelekeo na nguvu, hasa kwenye ncha ya kaskazini ya uwanja. Ndege inayoteremka inaweza kupoteza kasi katika sekunde chache ambazo ndizo mbaya kuliko zote. Ufunguzi uliopangwa Mei 2016 ukaahirishwa. Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza iliikemea DFID kwa maneno makali Desemba mwaka huo. Inachekesha kidogo, na inauma pia, kwamba Charles Darwin alipopita kisiwani mwaka 1836 aliandika alivyosimama ukingoni mwa jabali penye utulivu huku akiona ndege wa baharini, hatua chache mbele yake, wakihangaika na upepo mkali. Kitabu hicho kiko katika kila maktaba ya Uingereza.

Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa ndege ndogo zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2017 shirika la Airlink la Afrika Kusini lilianza safari za kila wiki kutoka Johannesburg kupitia Windhoek, kwa kutumia Embraer 190. Ndege hiyo ina viti karibu 100, lakini kwa safari ya St Helena viti vilivyouzwa vilikuwa 76. Sababu ya kuacha vingine vikiwa vitupu inastahili kuelezwa taratibu, maana ndiyo inayobeba gharama yote.

Ndege inayotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ikikuta mvua kubwa inaweza kugeukia Zanzibar au Kilimanjaro. Viwanja viko. Ndege inayokwenda St Helena ikikuta ukungu au upepo mbaya, uwanja ulio karibu kuliko vyote ni Ascension, kilomita 1,300 mbele. Nyuma yake, Walvis Bay nchini Namibia, ni zaidi ya kilomita 2,200. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga kwa viwanja vilivyojitenga kama hivyo zinaitaka ndege ama ibebe mafuta ya kuifikisha kwingine, ama iwe na akiba ya kuiwezesha kukaa angani muda wa saa mbili zaidi juu ya uwanja inaokwenda. Kwa vyovyote vile, ndege inabeba tani za mafuta ambayo siku nyingi haitayatumia. Yanakwenda, yanarudi. Na kila kilo ya mafuta hayo ni kilo ambayo haikupewa abiria, wala boksi la samaki, wala gunia la kahawa. Ongeza hapo uzito unaopunguzwa kwa sababu ya upepo na ufupi wa njia ya kurukia, viti 76 havishangazi tena.

Kwa hiyo abiria wa Johannesburg ambaye hana habari na Ascension, wala hatakanyaga huko maisha yake yote, analipia upweke wa visiwa hivyo ndani ya tiketi yake.

Sasa chukua viti 76, zidisha kwa wiki 52. Unapata 3,952. Hiyo ni idadi ya juu kabisa ya watu ambao safari moja kwa wiki ingeweza kuwafikisha St Helena kwa mwaka mzima, ndege ikijaa kila mara bila kuahirishwa hata siku moja, na katika hao wamo wenyeji wanaorudi makwao, madaktari, walimu na watumishi wa serikali. Watalii 30,000 wangepita mlango gani? Baadaye ziliongezwa safari za katikati ya wiki kutoka Cape Town katika miezi ya watalii, lakini hata hizo zikijumlishwa pengo ni pana mno. Mjenzi wa hoteli au mkulima wa mboga anayetaka kukopa benki hana haja ya ripoti ndefu ya washauri. Hesabu hiyo inatoshea nyuma ya bahasha.

Upande wa Ascension mambo yalikuwa magumu zaidi, na hapa ndipo wanaosifu saa zilizopunguzwa hupita haraka. Uwanja wa Ascension, unaoitwa Wideawake kwa jina la ndege wa baharini wanaozaliana kwa maelfu jirani yake, ulijengwa na Wamarekani mwaka 1942 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Una njia ndefu ya kurukia, zaidi ya mita 3,000, na mwaka 1982 ulikuwa ngazi ya jeshi la Uingereza kwenda vita vya Falkland. Aprili 2017 ilionekana kwamba njia hiyo imechakaa kiasi cha kutofaa kwa ndege kubwa. Ndege za jeshi zilizokuwa zikiwachukua pia raia zikaacha kupita. Miezi kumi baadaye, Februari 2018, meli ya RMS St Helena ikamaliza safari yake ya mwisho.

Kwa maneno mengine, katika kipindi cha chini ya mwaka mmoja Ascension ilipoteza ndege ya Uingereza na meli ya St Helena, ikapewa badala yake ndege ya mara moja kwa mwezi. Mfanyakazi aliyekuwa akifika London kwa saa tisa sasa alipaswa kwenda kwanza St Helena, kisha Johannesburg, ndipo apande ndege ya Ulaya. Kilomita hazikuongezeka hata moja. Kisiwa kilisogezwa mbali na watu ambao, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakisherehekea kufunguliwa kwa njia mpya. Matengenezo ya Wideawake yalikamilika mwaka 2023, miaka sita baadaye.

Janga la korona lilionyesha udhaifu huo kwa namna nyingine. Safari za Airlink zilisimama mwaka 2020 na hazikurudi hadi Machi 2022. Katikati ya hapo kisiwa kiliishi kwa ndege za kukodi kutoka Uingereza zilizosimama Accra kujaza mafuta, zilizopangwa kila baada ya miezi kadhaa.

Upande wa kilimo, St Helena ina historia ambayo wakulima wa Tanga na Morogoro wangeielewa bila mkalimani. Kwa miongo mingi zao lake kuu lilikuwa kitani cha New Zealand, mmea wenye nyuzi uliofunika vilima na kulisha viwanda vidogo vya kamba. Mteja wake mkubwa alikuwa Posta ya Uingereza, iliyotumia kamba hizo kufungia mifuko ya barua. Mwaka 1966 Posta ilihamia kwenye nyuzi za kiwandani na biashara ikafa. Ni miaka ile ile ambayo nailoni ilikuwa ikiibana katani ya Tanganyika. Tofauti ni kwamba Tanga ilikuwa na reli, bandari na ardhi ya kujaribia jambo jingine. St Helena ilibaki na vilima vilivyojaa mmea usio na mnunuzi, na mingi bado imesimama huko.

Zao lililobaki na jina ni kahawa. Mbegu zake za arabika zilitoka Mocha, Yemen, mwaka 1733, na kwa kuwa kisiwa kiko peke yake aina hiyo imebaki safi kwa takriban miaka mia tatu. Huuzwa kwa bei ya juu sana kwa wateja wachache wa Ulaya wanaopenda vitu adimu. Hii ni bidhaa inayoweza kuvumilia umbali, kwa sababu ni nyepesi, haiozi, na upweke wa mahali inapolimwa ni sehemu ya bei yake. Shida ni kwamba mashamba ni madogo mno, yako kwenye miteremko mikali, na mavuno hayatoshi kuendesha uchumi wa watu 4,400.

Jodari ni habari tofauti. Wavuvi wa kisiwa humvua mmoja mmoja kwa fito na mishipi, njia inayosifiwa na wanunuzi wanaojali mazingira. Jodari mbichi hupata bei nzuri akifika sokoni ndani ya siku chache, na wakati uwanja unajengwa wengi waliota kumuona Johannesburg au Ulaya akiwa kwenye barafu. Lakini ndege inayoacha viti vitupu ili ibebe mafuta haiwezi kuchukua tani za samaki. Shehena kubwa iliendelea kwenda kwa meli, sasa ikiwa MV Helena ya kutoka Cape Town, na ndiyo iliyoendelea kuleta mchele, unga, mbolea, vyakula vya kuku na vipuri. Mchuuzi wa Jamestown anayeuza vitunguu vilivyovuka bahari kwa wiki hakuona bei ikishuka kwa sababu ndege imefika.

Haitakuwa haki kusema uwanja haukuleta kitu. Mgonjwa mahututi ambaye zamani alingoja meli sasa anaweza kufikishwa katika hospitali ya Afrika Kusini kwa saa chache. Safari za namna hiyo zilianza mwaka 2016, hata kabla ya ndege za abiria. Kwa aliyeokolewa mtoto wake, hakuna hesabu ya viti itakayomwambia kitu. Utalii nao upo. Kati ya vivutio vyake ni papa shilingi, yule samaki mkubwa mpole ambaye wavuvi wa Mafia wanamfahamu vizuri.

Mafia inasaidia kuona tatizo lilipo. Watalii wake hufika kwa ndege ndogo za viti kumi na viwili hivi, mwendo wa nusu saa kutoka Dar es Salaam. Mwenye hoteli akipata wageni wanne, wanakuja kesho. Wakiahirisha, wanakuja kesho kutwa. Hakuna anayelazimika kujaza viti 76 siku moja na kubaki na vyumba vitupu siku sita. St Helena haiwezi kuiga hilo, kwa kuwa ndege ndogo kama hizo hazivuki bahari ya masafa hayo zikiwa na abiria pamoja na mafuta ya akiba. Inabaki na ndege kubwa kupita mahitaji ya siku na ndogo kupita mahitaji ya mwaka.

Wanaotetea mradi husema masafa ya safari yataongezeka wateja wakiongezeka. Wateja nao husema watakuja safari zikiongezeka. Katika njia yenye watu wachache namna hii duara hilo halivunjwi na soko. Tangu mwanzo njia ya Johannesburg iliwekewa dhamana ya serikali ya kufidia mapato yakipungua, na bila hiyo hakuna shirika ambalo lingeweka ndege. Swali ambalo halikupewa uzito ni kwa nini fedha zilielekezwa kwenye lami na mawe kwa mamia ya mamilioni, halafu kukawa na ubahili pale kwenye kununua safari zenyewe. Sehemu ndogo tu ya pauni milioni 285 ingeweza kulipia kwa miaka mingi safari ya pili ya Ascension kila mwezi, na kambi za kijeshi zilizoko huko, ambazo zinahitaji watu wabadilishane zamu, zingeweza kutakiwa kununua nafasi kwa pamoja badala ya kila moja kujitafutia usafiri wake.

Wakati hayo yakijadiliwa, njia nyingine ilifika bila kelele. Agosti 2021 mkongo wa chini ya bahari wa Equiano, unaopita kutoka Ureno hadi Afrika Kusini, ulivutwa hadi ufukweni mwa St Helena, na Oktoba 2023 intaneti yake ikaanza kutumika. Hadi hapo kisiwa kizima kilikuwa kikigawana mawasiliano ya setilaiti, ya polepole na ya bei kubwa. Kwa mkongo huo kijana wa Jamestown anaweza kuuza kazi yake London bila kupima uzito wa mafuta, na mwenye shamba la kahawa anaweza kupokea oda na malipo siku hiyo hiyo. Kahawa yenyewe, baada ya hapo, inangoja meli.